Mlango wa Hospitali na Saa Tisa ya Usiku

Katika zabuni nyingi za ujenzi wa hospitali, milango ya kuzuia moto hupewa mstari mmoja tu: idadi, vipimo, dakika 60, bei. Kamati ya manunuzi hutazama dakika na bei, humchagua mwenye dakika nyingi kwa fedha chache, kisha huendelea na habari za jenereta na mashine za eksirei. Mtu akiuliza kwa nini 60 wala si 30 au 120, aghalabu jibu ni kwamba ndivyo ilivyoandikwa katika zabuni ya jengo lililotangulia. Makala haya yanawalenga wanaokaa kwenye kamati hizo, yaani waganga wafawidhi, wahandisi na wamiliki wa hospitali binafsi, pamoja na mafundi watakaoitwa kufunga kilichonunuliwa. Hoja yangu ni moja: dakika ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni kama mlango huo utakuwa umefungwa saa tisa ya usiku, miaka 10 baada ya mgeni rasmi kukata utepe, wodi ikiwa na wauguzi wawili na wagonjwa 30.

Hospitali haifanani na hoteli wala ofisi. Kengele ya moto ikilia ofisini, watu huteremka ngazi wakasimama uwanjani wakihesabiana. Mgonjwa aliyetoka thieta saa moja iliyopita, au mwenye mguu uliotundikwa kwa uzito, au anayepumua kwa mashine, hateremki ngazi. Huteremshwa, tena na watu kadhaa, huku mmoja akibeba mtungi wake wa oksijeni. Mei 25, 2022, watoto wachanga 11 walikufa kwa moto uliozuka katika wodi yao hospitalini Tivaouane, Senegal. Wagonjwa wa namna hiyo hawana mguu wa kukimbilia. Ndiyo sababu wanaopanga usalama wa hospitali hawaanzi na ngazi. Huigawa ghorofa moja katika vipande viwili, vitatu au zaidi kwa kuta na milango, ili mgonjwa asukumwe na kitanda chake, na dripu yake, kuvuka mlango mmoja tu hadi kipande ambacho hakijaguswa. Ngazi hubaki hatua ya baadaye, ikiwa moto utakataa kuzimika. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 101 kwa miaka mingi iliweka kikomo cha futi za mraba 22,500 kwa kipande kimoja cha namna hiyo, yaani takriban mita za mraba 2,090, na ikataka mtu asitembee zaidi ya futi 200, kama mita 61, kabla ya kuufikia mlango wa kuvukia. Hizo si namba takatifu, lakini zinaonyesha kazi halisi ya mlango huu. Unazuia moto, na papo hapo ndio mahali wagonjwa wanapopitishwa.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa zamani. Desemba 8, 1961, moto uliwaka ndani ya bomba la kutupia taka katika Hospitali ya Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Bomba hilo lilipita wima kutoka ghorofa hadi ghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na kilango chake cha kutumbukizia taka. Kwenye ghorofa ya 9 kilango hicho kilifyatuka, moto ukamwagika koridoni, ukakuta vigae vya dari vinavyoshika moto, na baada ya muda mfupi korido haikupitika. Watu 16 walikufa, baadhi wagonjwa, baadhi wafanyakazi, na wengine wageni waliokuja kuwatazama jamaa zao. Lakini katika korido hiyohiyo, wagonjwa waliokuwa ndani ya vyumba ambavyo milango yake ilifungwa na kubaki imefungwa walinusurika. Kilichowatenga na wenzao ni kitasa kilichobana mlango kwenye fremu. Na kuna funzo la pili ambalo kamati nyingi hulipita: sehemu iliyoshindwa kwanza ilikuwa kilango kidogo cha taka, kitu ambacho hakuna anayekikumbuka anapoorodhesha milango ya jengo. Kwa hiyo ukianza kuorodhesha, anza na vilango vya namna hiyo: bomba la taka, bomba la mashuka machafu, kabati la nyaya za umeme, mlango wa kukagulia mabomba juu ya dari. Halafu ndipo uje kwenye milango mikubwa.

Baada ya kufungwa, jambo la pili ni moshi. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 2011, moto ulianza katika sehemu ya chini ya ardhi ya hospitali ya AMRI mjini Kolkata, India, mahali palipokusudiwa kuwa maegesho ya magari lakini palipogeuzwa stoo. Walikufa watu takriban 90, na wengi wao walikuwa wagonjwa wa ghorofa za juu waliokosa hewa, si walioungua. Hapa ndipo mnunuzi asiyeujua ufundi wa milango hudanganyika kirahisi. Mlango wa kuzuia moto huwa na ukanda mwembamba uliozamishwa katika mfereji kwenye ukingo wa ubao au kwenye fremu. Ukanda huo hututumka unapopata joto, ukaziba nafasi yote iliyo kati ya mlango na fremu. Ni kifaa kizuri, ila huanza kuvimba joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Moshi uliosafiri mita 40 koridoni umeshapoa; ukifika mlangoni, ukanda bado umelala, na moshi unapenya polepole kama mgeni aliyekuta geti wazi. Moshi huo uliopoa huzuiwa na kitu kingine kabisa, yaani brashi au mpira laini unaogusa pande zote mbili wakati wote, hata siku isiyo na moto. Katika karatasi za Kiingereza tafuta herufi S: mlango ulioandikwa FD30 umezuia moto kwa dakika 30, ulioandikwa FD30S una kinga ya moshi pia. Katika mfumo wa Ulaya tafuta Sa, inayohusu moshi wa joto la kawaida, au S200, inayohusu moshi wa nyuzi 200. Ikiwa bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya kuongeza dakika na kuongeza kinga ya moshi kwenye milango ya wodi, chagua moshi bila kusita.

Sasa dakika zenyewe. Zinatoka kwenye tanuri. Mlango hufungwa kwenye ukuta wa tanuri, na joto hupandishwa kwa mstari uliokubaliwa kimataifa: baada ya dakika 30 tanuri lina nyuzi 842, baada ya 60 lina 945, na baada ya 120 lina 1,049. Wapimaji hutazama mambo mawili. La kwanza ni kama mwali umepita au mwanya umefunguka, na sifa hiyo huandikwa E. La pili ni kama upande usio na moto umebaki na joto la kuvumilika, nayo huandikwa I. Mlango wa chuma usio na kizuia joto ndani unaweza kupata E kwa muda mrefu sana huku ukiwa mwekundu kama kaa la moto, na muuguzi anayesukuma kitanda kando yake ataunguzwa na mnururisho wake. Kwa hiyo kwenye ngazi na kwenye korido ambayo wagonjwa watapitishwa, dai EI, na usiridhike na E peke yake. Kumbuka pia kwamba dakika za tanuri si dakika za saa ya ukutani. Moto wa stoo ya magodoro unaweza kwenda mbio kuliko tanuri, na moto wa chumba chenye kitanda kimoja ukaenda taratibu kuliko tanuri. Dakika hutumika kulinganisha mlango na mlango. Hazikuahidi kitu.

Kwa kipimo hicho, mgao ninaouona wa busara ni huu. Milango inayogawa ghorofa katika vipande vya kuhamishia wagonjwa, na ya wodi inayotazama korido, dakika 30 zenye kinga ya moshi zinatosha mahali ambapo kuna watu macho na kengele inayofanya kazi. Ngazi, shimo la lifti, jiko, chumba cha kufulia, stoo kubwa, chumba cha bodi za umeme na chumba cha mitungi ya oksijeni vinastahili 60. Dakika 120 ziwekwe pale tu ambapo ukuta wenyewe ni wa saa mbili, kwa mfano kati ya jengo na chumba cha jenereta chenye tangi la mafuta. Wamarekani huruhusu mlango wa dakika 90 kwenye ukuta wa saa mbili, na wa dakika 20 kwenye kuta za kuzuia moshi, kwa sababu inayoeleweka: mbele ya mlango hapawekwi vitu, kwa hiyo moto unaoupiga mlango ni mdogo kuliko unaoupiga ukuta. Mantiki hiyo ni nzuri. Lakini inavunjika siku korido inapogeuzwa bohari ya vitanda vibovu na maboksi ya glavu, jambo ambalo msomaji hahitaji kwenda Marekani kulitafuta.

Kosa linalofuata kwa uzito ni kununua ubao ukidhani umenunua mlango. Mlango wa kuzuia moto ni seti: ubao, fremu, bawaba, kitasa, kloza, kioo, kanda za pembeni, na hata skrubu zilizotumika. Vyote vilichomwa pamoja maabara, na cheti ni cha vyote pamoja. Ukibadilisha bawaba za chuma kwa zile laini za bei nafuu, bawaba zikalegea kwa joto, ubao mzuri utaning'inia na nafasi itafunguka juu, ambako ndiko moto una msukumo mkubwa. Baada ya moto wa Grenfell Tower mjini London, Juni 14, 2017, uliowaua watu 72, polisi walipeleka maabara mlango wa nyumba mmoja kutoka jengo hilo ambao haukuwa umeguswa na moto. Ulipaswa kuhimili dakika 30. Ulishindwa karibu dakika ya 15. Ikiwa hilo liliwezekana katika nchi yenye viwango vya zamani na maabara tele, mnunuzi wa Mwanza au Kisumu hana sababu ya kuamini stika peke yake. Dai ripoti ya jaribio, uisome, na usome hasa ukurasa unaosema matokeo yanahusu mlango wa ukubwa gani. Muuzaji anaweza kukuletea cheti halali cha mlango wa upande mmoja, mita 0.9 kwa 2.1, usio na kioo, wakati ulichoagiza ni mlango wa pande mbili wenye madirisha mawili. Cheti hicho si cha uongo, ila si cha mlango wako. Uliza pia kama kuna chombo huru kinachokikagua kiwanda mara kwa mara, kwa sababu jaribio moja linathibitisha mlango mmoja uliopelekwa kuchomwa, na anayepeleka mlango kuchomwa hupeleka ulio mzuri kuliko yote.

Hapa kuna pingamizi la mafundi seremala, nalo lina haki ya kusikilizwa. Husema: mlango wetu wa mninga au mvule, mzito, mnene, unashinda ubao wa kiwandani uliojazwa vipande. Kuhusu mbao yenyewe wana hoja. Mbao ngumu huungua kuingia ndani kwa takriban nusu milimita kwa dakika, kwa hiyo katika nusu saa ubao mnene wa milimita 45 unapoteza kama theluthi yake, na mkaa unaobaki juu hulinda kilicho chini. Kanuni za Marekani zenyewe zimekubali kwenye korido za hospitali mlango wa mbao uliojaa ndani wenye unene wa inchi 1¾, karibu milimita 44. Lakini mlango wa paneli, ule wa urembo tunaoupenda, hupunguzwa unene pale paneli zinapoingia kwenye mfereji, na moto hutoboa hapo mapema, kabla ya kuumaliza mti. Tena moto hauhitaji kutoboa ubao. Huzunguka pembeni, hupitia tundu la kitasa, huyeyusha kioo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mlango bapa, mnene, wa mbao ngumu, uliobana vizuri kwenye fremu na kuongezewa brashi ya moshi, una maana kwenye chumba cha mgonjwa katika hospitali ambayo haina uwezo wa zaidi. Kwenye ngazi, lifti na vyumba vya umeme haufai kuchukua nafasi ya mlango uliojaribiwa, hata fundi akiapa.

Turudi kwenye saa tisa ya usiku, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mlango wa kuzuia moto una kloza inayourudisha kila unapoachiwa. Muuguzi anayepita hapo mara 100 kwa zamu, mikono imeshika trei, atautafutia dawa ifikapo wiki ya pili: kabari ya mbao, boksi lililokunjwa, kiti, na mara nyingine kizimamoto chenyewe. Viongozi hutoa waraka wa kukataza kabari. Waraka haushindi miguu inayouma. Anayekaba mlango anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na aliyekosea ni aliyechagua mlango bila kumuuliza. Milango ya korido kuu inapaswa kukaa wazi mchana kutwa kwa sumaku ya umeme iliyounganishwa na kengele ya moto. Moshi ukigunduliwa, umeme wa sumaku hukatika na kloza huufunga mlango bila kumsubiri mtu. Hakikisha sumaku inaamriwa na kigunduzi cha moshi, wala si na kiungo kinachoyeyuka kwa joto, kwani viungo vingi vya namna hiyo husubiri nyuzi kama 70, na kabla joto hilo halijafika, moshi umeshavuka.

Mtu wa hospitali ya wilaya atasema umeme wetu hukatika, na kila ukikatika milango yote itafungwa kwa kishindo, mpaka watu warudi kwenye kabari. Ni kweli, na ndivyo kifaa kinavyotakiwa kuwa: kikikosa umeme, kifunge. Dawa yake ni kuzilisha sumaku kutoka kwenye betri za mtambo wa kengele, zinazobeba dakika zile kabla jenereta halijashika. Kama mtambo wako hauna betri nzima, basi shida yako ni kubwa kuliko milango, na fedha zianzie huko. Kwenye vyumba vya wagonjwa kuna kifaa kingine, kloza inayoachia mlango utembee kama mlango wa kawaida siku zote na kuamka kengele ikilia tu. Ni ghali, lakini kwa mzee mwenye magongo au mtoto ni tofauti kati ya kwenda chooni na kukwama mlangoni. Wamarekani kwa sehemu kubwa hawalazimishi kloza kwenye vyumba vya wagonjwa. Wanategemea kitasa kinachobana na wafanyakazi waliofundishwa kufunga kila mlango mara kengele inapolia. Njia hiyo inafaa penye wafanyakazi wa kutosha usiku. Penye wauguzi wawili kwa wagonjwa 30, mimi ningeitegemea kloza kuliko kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka.

Upana nao huamuliwa mapema au usiamuliwe kabisa, kwa kuwa ukuta ukishajengwa hakuna anayeuvunja. Kipimo cha Marekani kwa mlango wa kupitisha kitanda ni inchi 41.5 za wazi, yaani sentimita 105, baada ya kutoa unene wa ubao uliofunguliwa. Vipimo vingi vya wauzaji wetu hutajwa vya tundu la ukuta, wala si vya nafasi ya wazi, na sentimita 10 zinazopotea hapo ndizo zinazokwaruza vidole vya wasukuma machela. Milango ya kukata korido iwe ya pande mbili, kila upande ukifunguka kuelekea upande wake, ili kitanda kinachokuja na kinachokwenda visukume vyote. Iwe na kidirisha, kwa sababu anayesukuma kitanda haoni anayekuja ng'ambo. Lakini kidirisha hicho kiwe cha kioo cha kuhimili moto kilichomo kwenye cheti, siyo tundu alilolikata fundi baadaye. Kutoboa mlango wa kuzuia moto ni kukifuta cheti chake. Toroli zitaugonga kila siku. Weka bamba la chuma chini na mpira kwenye kimo cha kitanda, tena viagizwe vikiwa sehemu ya seti. Mlango uliopasuka kona kwa kugongwa hauna dakika hata kumi.

Kuna vyumba vyenye masharti yao, nami nitavipita haraka. Chumba cha eksirei kinahitaji madini ya risasi ndani ya mlango, na uzito wake hubadilisha bawaba na kloza, kwa hiyo risasi na moto vithibitishwe katika seti moja. Wodi ya magonjwa ya akili haitaki mpini wala kloza ambayo mtu anaweza kuifunga kamba. Thieta na vyumba vya kutenga wagonjwa hutegemea hewa inayosukumwa upande mmoja, na msukumo huo unaweza kuishinda kloza dhaifu. Ujaribu mlango ukiwa umewasha mitambo yote ya hewa, siyo jengo likiwa kimya.

Suala la kufuli nalipa nafasi zaidi kwa sababu ndilo linaloua wazi kabisa. Mlango wa dharura hufungwa mnyororo kwa kuogopa wezi wa vifaa, au wagonjwa wanaotoroka bili, au wageni wanaoingia nje ya saa. Hofu hizo ni za kweli, wala sizidharau. Lakini mlango wenye mnyororo ni ukuta, na kwenye mchoro wa kuhamisha wagonjwa haupaswi kuonekana. Mwenye hofu ya wizi anunue mkono wa kusukuma unaofungua kwa ndani bila ufunguo, ukapiga king'ora kila ukifunguliwa, au kufuli la sumaku linaloachia kengele ya moto inapolia. Mlinzi atasikia, na mgonjwa atatoka. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na Kenya ina Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka huohuo. Mkaguzi wa zimamoto akikukuta na mnyororo huna la kujitetea.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni fedha. Seti iliyojaribiwa, yenye kloza na sumaku, huzidi mno bei ya mlango wa kawaida, na hospitali inaweza kuwa na milango mamia. Jibu langu si kwamba uhai hauna bei. Kauli hiyo haijawahi kumsaidia mhasibu. Jibu ni kwamba si kila mlango unahitaji kuwa wa moto, na mchoro unaoweka dakika 60 kila mahali umechorwa na mtu aliyekwepa kufikiri. Chora kwanza mistari ya vipande vya ghorofa, kisha maeneo ya hatari, kisha ngazi. Milango inayoangukia kwenye mistari hiyo ndiyo ya kugharimia. Ya ofisi na vyoo vilivyo ndani ya kipande kimoja mara nyingi inaweza kubaki ya kawaida. Hospitali zetu nyingi za zamani, zilizojengwa kwa wodi za chini zilizotenganishwa kwa nyasi na kuunganishwa kwa njia za wazi zenye paa, tayari zimegawanywa na hewa, na hewa haihitaji kloza. Huko ziimarishe stoo, jiko na chumba cha umeme, ukayaache maeneo mengine. Lakini angalia: kila nafasi ya nyasi inapojengwa maabara mpya au famasi, na njia ya wazi ikazibwa kwa kuta ili mvua isiingie, wodi mbili zimekuwa wodi moja bila mtu kutangaza. Siku hiyo ndiyo ya kununua mlango.

Wapo pia wanaosema vinyunyizio vya maji kwenye dari vinaondoa haja ya milango mikali. Si hoja ya kipuuzi. Kanuni za Marekani hulegeza masharti ya milango ya korido pale jengo zima lina vinyunyizio. Ila kinyunyizio kinategemea tangi lililojaa, pampu inayowaka na mtu anayeikagua, na moto wa moshi mwingi usio na joto kali unaweza kuchelewa kukifungua. Kama maji ya bomba huja siku tatu kwa wiki, mlango ndio wa kuupa kipaumbele.

Mlango mzuri ukifungwa vibaya ni hasara mara mbili. Nafasi kati ya fremu na ukuta isijazwe povu la kawaida la kopo, maana linaungua. Ijazwe pamba ya madini na gundi iliyothibitishwa kwa moto. Kabla ya kupokea kazi, panda ngazi uchungulie juu ya dari bandia palepale juu ya mlango: ukuta unapaswa kuendelea mpaka zege la ghorofa ya juu, na tundu la kila waya liwe limezibwa. Mara nyingi utakuta ukuta umeishia kwenye dari, na moshi una barabara kuu kupita juu ya mlango wa mamilioni. Pwani, chumvi hula bawaba na kloza za chuma cha kawaida, hivyo lipia chuma kisichoshika kutu. Na mbao hunywa unyevu: msimu wa masika mlango unabana, fundi anaitwa na randa, anaupunguza milimita chache pamoja na ukanda wake, kisha kiangazi kinaacha nafasi ya kupitisha kidole. Agiza ukingo uliozibwa vizuri kiwandani, na piga marufuku randa.

Nafasi pembeni na juu iwe karibu milimita 3. Huhitaji kifaa cha mhandisi kuipima; kadi nne za benki zikipangwa pamoja zina unene huo, zikipita kwa kulegea sana mlango haufai. Chini, kwa kuwa kizingiti hukwamisha toroli, tumia ukanda unaoshuka wenyewe mlango unapofungwa. Mpe mtu mmoja kwa jina lake kazi ya kuizungukia milango kila mwezi: aufungue kila mlango nusu, auachie, atazame kama unajifunga mpaka kitasa kibane bila kusaidiwa, kisha aandike. Mara moja kwa mwaka aje mwenye ujuzi zaidi. Na siku wapaka rangi watakapoitwa kuliandaa jengo kwa ajili ya ziara ya kiongozi, mtu huyohuyo awatangulie na mkanda wa karatasi, afunike brashi za moshi, kanda za pembeni na kile kibati kidogo chenye namba ya cheti kilicho upande wa bawaba, kwani rangi ya mafuta hugandisha brashi, na kibati kilichopakwa hakisomeki tena.